Kasiksi ya Kalehe: wanywaji wako, siku njo zinakosa

Kwenye teritwari ya Kalehe, kuanzia Ihusi mpaka Nyabibwe na Minova, ni vigumu kuona sherehe kubwa yenye haina kasiksi. Divai hii ya ndizi inapita siku ya kutoa mahari, siku ya ndoa, siku ya kumaliza kilio, na hata siku ya kawaida wakati watu wametoka kulima na wanataka kupumzika. Hakuna mtu anahitaji kuitangaza. Mama anayeweka bidoni yake kando ya soko anajua wanywaji watakuja.

Lakini swali lenye wakaaji wengi wanajiuliza ni hili: ikiwa kinywaji kinapendwa hivi, kwa nini wenye kukitengeneza wanabaki na pesa kidogo? Wengine wanasema ni kodi. Wengine wanasema ni vita na barabara. Wengine wanasema watu wanapenda zaidi bia ya chupa. Yote hayo yako na ukweli ndani. Lakini ukiyaangalia vizuri, yanarudi pamoja kwenye jambo moja: kasiksi ina maisha ya siku chache tu, na kila kitu kinachochelewesha safari yake kinakula faida ya mkulima.

Divai ama pombe?

Kwa masikio ya watu wengi wa Bukavu na Kalehe, neno divai ni la chupa yenye imetoka mbali, ama ni la kanisa. Kanisa Katoliki lenyewe linataka divai ya misa itoke kwa zabibu, siyo kwa tunda lingine. Njo maana kasiksi imezoea kuitwa pombe tu, sawa vile ingekuwa kitu cha chini. Ila kwa namna inavyotengenezwa, iko karibu na divai kuliko bia. Divai ni maji ya tunda yenye yamechachuka. Kasiksi ni vilevile: sukari ya ndizi inageuka pombe.

Kazi inaanza kwenye shamba. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa lakini bado ya kijani, inapangwa kwenye shimo lenye limepashwa moto, inafunikwa na majani ya migomba na udongo. Kisha siku chache ndizi zimeiva sawasawa. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti, zinakamuliwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yanatoka. Maji hayo yanachujwa. Kufika hapo bado ni juisi tamu, yenye hata mtoto anaweza kunywa. Ni wakati inatiwa unga wa mtama wenye umekaangwa, na inafunikwa mahali penye joto, njo inaanza kuchachuka.

Kalehe haiko peke yake. Rwanda wanaita kinywaji cha namna hii urwagwa, Burundi urwarwa, Uganda tonto, na watu wa Bukoba kule Tanzania wanaita rubisi. Ni jamaa moja ya divai kuzunguka maziwa yetu, na kila upande unajivunia yake.

Utamu wake uko kwenye siku

Mwenye kujua kasiksi hanywi tu, anauliza: hii ni ya lini? Siku ya kwanza bado ni tamu, pombe ni kidogo. Siku ya pili utamu na ukali vinakutana, na wazee wengi wanasema hapo njo penyewe. Siku ya tatu inakuwa kali, utamu umepungua. Kisha hapo inaanza kuwa chachu, hewa inaingia, inageuka kuelekea siki, na bei yake inaanguka.

Kuna tofauti zingine zenye mnywaji wa mjini hazioni haraka. Aina ya ndizi inabadilisha harufu. Mtama wenye umekaangwa zaidi unaleta rangi nyeusi na ladha ya moshi. Mkono wa mwenye kukamua nao uko na maana: kuna mwenye anaongeza maji mengi ili bidoni zijae, na kuna mwenye anayapima juu anajua wanunuzi wake watarudi. Kwenye kijiji watu wanajua nyumba yenye inatoa kasiksi nzuri, hata kama hakuna jina lenye limeandikwa popote.

Na kuna adabu ya kuionja. Mwenye nyumba anatangulia kunywa mbele ya wageni, kisha anapitisha kibuyu ama kikombe. Kwa mkoa wenye hofu ya sumu imekuwa ikigawanya hata jamaa, kitendo hicho siyo kidogo. Kinasema: kinywaji hiki ni safi, na mimi nakihakikisha na mwili wangu. Ndiyo cheti cha ubora cha kwanza chenye Kalehe ilikuwa nacho, zamani kabla ya ofisi yoyote.

Lakini cheti hicho kinafanya kazi tu pale mtengenezaji na mnywaji wanaonana uso kwa uso. Bidoni ikitoka kijijini na kuelekea Bukavu ao Goma, mwenye kuionja mbele ya mnunuzi haiko tena. Hapo njo shida inaanza.

Nani anakula faida?

Ihusi iko kama kilomita 60 kutoka Bukavu kwenye barabara ya taifa namba 2. Minova, upande wa kaskazini, inaangalia zaidi Goma. Ni miji miwili mikubwa yenye watu wengi wenye kiu, na Kalehe iko katikati. Kwenye karatasi, hakuna mahali pazuri zaidi pa kutengeneza divai.

Kwenye maisha ya kweli, barabara inaharibika wakati wa mvua, gari linaweza kulala njiani, na kwa kila kizuizi lazima kuacha kitu. Upande wa ziwa nao siyo njia ya bure. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, wakati vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake, boti lenye kutoka Minova lilizama karibu na Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Wengi wa wenye wanapita kwenye maji hayo ni wachuuzi wenye wanafuata soko.

Maharagwe yanaweza kungojea gari la kesho. Muhogo mkavu unaweza kungojea juma lijalo. Kasiksi haiwezi. Mnunuzi wa jumla anajua jambo hilo vizuri, na ni kwa sababu hiyo njo anakuwa na nguvu ya kupanga bei. Anaweza kufika mangaribi, wakati soko linafungwa, na kumwambia mama: uza kwa bei hii ama rudi nayo nyumbani. Mama anafanya hesabu haraka. Kurudi nayo ni kuipoteza. Anauza.

Ni namna hiyo faida inahama. Mwenye shamba amelima, vijana wamekamua, mama amebeba, lakini pesa nzuri inabaki kwa mwenye kuwa na gari na mwenye kuuza glasi kwa glasi mjini. Na kwa nyumba nyingi pesa ya kasiksi siyo ya anasa. Ni minervali, ni dawa, ni sabuni na chumvi. Bei ikianguka mangaribi ya siku ya soko, kuna mtoto anaweza kurudishwa kutoka shule juma linalofuata.

Tangu vita vilifika Goma na Bukavu mwanzo wa 2025, mambo yameongeza ugumu. Mabenki yalifunga milango, pesa za kushika mkononi zikawa adimu. Mtu mwenye angependa kukopa kidogo ili anunue mapipa safi ama chupa haoni pa kugonga. Mikopo yenye inabakia ni ile ya vikundi vya akiba vya mama, vyenye navyo vinategemea biashara ndogo kama hii ya kasiksi.

Wakati kiwanda kikubwa kinayumba

Kwa miaka mingi mpinzani mkubwa wa kasiksi alikuwa Primus. Bralima, kampuni ya Heineken, ilikuwa na kiwanda chake Bukavu, na bia ya chupa ilikuwa alama ya mtu mwenye amepata. Mwezi wa 2, 2025, wakati wa machafuko ya Bukavu, kiwanda kile kiliporwa. Mwezi wa 6 mwaka uleule, Heineken ilitangaza kwamba imepoteza uongozi wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake.

Kwa wafanyakazi na jamaa zao, na kwa wachuuzi wenye waliishi kwa bia hiyo, ni msiba wa kazi. Hakuna mtu wa Kalehe ana sababu ya kuufurahia. Lakini unaonyesha jambo moja: nafasi kwenye meza ya mnywaji inaweza kufunguka siku moja. Bia za nchi jirani ziko tayari kuijaza, juu zenyewe ziko kwenye chupa, ziko na kizibo, na zinaweza kungojea mnunuzi miezi. Kasiksi, yenye inatengenezwa karibu kabisa, inashindwa kuingia kwa sababu ileile ya siku.

Wengine walifanya nini na divai yenye haikai?

Shida hii siyo ya Kalehe tu. Kule Ufaransa, kaskazini ya mji wa Lyon, kuna mkoa unaitwa Beaujolais. Wakulima wa pale wako na divai changa, yenye inanywewa majuma machache tu kisha mavuno, na haifai kuwekwa miaka. Badala ya kuificha, waliigeuza sikukuu. Tangu 1985, divai hiyo inatoka kila mwaka siku ya Alhamisi ya tatu ya mwezi wa 11, na siyo mbele. Watu wanaingojea, mikahawa inaitangaza, na udogo wa umri wake njo umekuwa sifa yake.

Ila mkoa uleule unatoa pia onyo. Wakati sifa ilienea, wengi walitengeneza nyingi bila kuangalia ubora. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, wanunuzi walianza kuikimbia, na divai nyingi ilibaki bila mtu wa kuinywa. Siku ya sherehe inasaidia kuuza. Haiwezi kuficha kinywaji kibaya.

Karibu na sisi, Tanzania iko na mifano miwili. Dodoma wanalima zabibu na wanavuna mara mbili kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi wakulima wadogo wamelia kwamba wanauza zabibu mbichi, na kiwanda kisiponunua, zinaoza. Ni kilio chenye mtu wa Kalehe anakielewa bila mkalimani: mwenye kushika kazi ya kukamua na kuhifadhi njo anashika bei. Mfano wa pili uko Arusha, kwenye kampuni ya Banana Investments inafunga divai ya ndizi kwenye chupa tangu miaka ya 1990. Hapo inaonekana kwamba ndizi inaweza kukaa kwenye chupa na kusafiri. Siyo ndoto.

Chupa inaleta nini, na inachukua nini?

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya ajabu. Miaka ya 1860, Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba divai ikipashwa moto bila kuchemka, vijidudu vyenye vinaiharibu vinakufa. Ni kusema, kasiksi yenye imemaliza kuchachuka inachujwa vizuri, inatiwa kwenye chupa safi za kioo, na chupa zinakaa ndani ya maji ya moto ya kama digri 65 kwa nusu saa hivi, kisha zinafungwa kabisa. Kinywaji kinaweza kuhesabu miezi, siyo siku. Hatari kubwa ni haraka: ukifunga kasiksi yenye bado inachachuka bila kuipasha, hewa inajaa ndani na chupa inapasuka.

Maji nayo ni jambo la kuangalia. Kolera haijatoka kwenye vijiji vya kandokando ya Ziwa Kivu. Mtu mwenye anaongeza maji ya ziwa yenye hayajachemshwa kwenye juisi, ama anaosha bidoni nayo, anaweza kuuza ugonjwa pamoja na divai. Sherehe moja yenye watu wameugua inatosha kuua jina la kijiji kizima.

Kisha kuna gharama. Chupa na vizibo vinatoka mbali. Mwenye kutaka kuuza kwenye maduka anapaswa kupita kwa Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, na huduma zingine zinajua pia kufika haraka mahali penye biashara imeanza kuonekana. Bidoni inapita kimya, chupa yenye jina inaita watoza kodi. Wengine wanachagua kubaki kwenye bidoni kwa sababu hiyo tu, na hawana makosa yote.

Na kuna swali lenye halisemwi sana: chupa ikiingia, mama wa bidoni anaenda wapi? Ikiwa mtu mmoja mwenye pesa ananunua ndizi za kijiji chote na kufunga divai peke yake, kasiksi itapata maisha marefu lakini mama mia watakosa soko. Itakuwa ni kuhamisha faida kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa mwenye chupa. Njo maana namna ya kujipanga iko na uzito kuliko mashine: kikundi chenye kinanunua chungu kimoja kikubwa, kinatumia chupa pamoja, na kinagawanya faida kwa wenye walileta juisi.

Kuacha mambo vilevile nako kuko na bei. Kasiksi yenye ilikosa mnunuzi, wengine wanaipika kuwa kanyanga, juu kanyanga inakaa. Lakini pombe kali yenye haipimwe na mtu inaleta hasara kwenye mwili, na kwenye nyumba inaleta ngumi na madeni. Kupanua soko la kasiksi nzuri hakupashwi kuwa njia ya kuongeza ulevi. Divai yenye inauzwa kidogo kwa bei nzuri inamfaa mkulima kuliko mapipa yenye yanauzwa bure kwa vijana wenye hawana kazi.

Bila mgomba, hakuna divai

Hesabu yote hii inaanguka ikiwa mgomba unakufa. Ugonjwa wa kunyauka, wenye maagronomu wanaita wilti, ulitangazwa Uganda mwaka wa 2001, na kutoka Masisi uliteremka mpaka Kivu ya Kusini, Kalehe nayo ndani. Majani yanakuwa njano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ndani yake zinakuwa za kahawia. Ukikata shina, kunatoka maji mazito ya njano. Ndizi kama hizo hazitoi kasiksi.

Wadudu wanaubeba wakipita kwenye ua la dume, na watu wanaubeba kwa visu. Aina zingine za ndizi za pombe njo za kwanza kushikwa. Na biashara yenyewe inaweza kuueneza: mtu anakata mkungu kwenye shamba gonjwa, kisha na kisu kilekile anakata majani kwa jirani ili afunike shimo lake. Mafundisho yanajulikana: kuvunja ua la dume na mti wenye panda, siyo kwa kisu, kukata shina lenye kuugua karibu na udongo na kurudia kila juma, kupitisha kisu kwenye moto ama kwenye maji ya javel kabla ya kuingia shamba lingine.

Milima ya Kalehe iko na sababu nyingine ya kulinda migomba. Tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilishusha maji, mawe na udongo juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mgomba peke yake hauzuie mvua kama ile. Lakini mteremko wenye migomba na majani yake chini unashika udongo kuliko mteremko wenye umebaki uchi. Kasiksi yenye inalipa inampa mkulima sababu ya kuacha migomba pale inaposimama.

Kinachoweza kuanza bila kungojea

Amani na barabara haviko mikononi mwa mama wa bidoni. Kuna mambo yenye yako. Kuchemsha maji. Kuandika kwenye bidoni jina la kijiji na siku ya kukamua, ili mnunuzi ajue anakunywa ya nani na ya lini. Kukubaliana, watengenezaji watano ama kumi, kwamba hakuna atauza chini ya bei fulani mangaribi ya soko. Kuchagua siku moja ya soko kwa mwezi yenye kila kijiji kinaleta kasiksi yake bora, watu wanaonja mbele ya mwenye kuitengeneza kama desturi inavyotaka, na yenye imeshinda inajulikana mpaka Bukavu. Kwa wenye hawanywi pombe, juisi ya siku ya kwanza iwe pale pale, nayo iko na wanunuzi wake.

Kwa wakubwa wa mkoa, wowote wenye kushika kiti leo, swali ni rahisi: mtu mwenye ameanza na chupa hamsini ahesabiwe kodi sawa na kiwanda, ama apewe muda wa kusimama? Wilaya za jirani zenye zilifunga divai zao kwenye chupa hazikuwa na ndizi nzuri kuliko za Kalehe. Zilipata njia ya kuiongezea divai siku. Mpaka hapa kwetu siku hizo zipatikane, mwenye atapanga bei ya kasiksi atabaki yule mwenye anafika sokoni wa mwisho, akijua kwamba mama hawezi kurudi nyumbani na bidoni yake.